Waulize Washauri: Swali la Muujiza Linapogonga Mwamba

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu ukoo mmoja wa tiba za mazungumzo: zile zinazoshika kwamba mtu haishi na tukio tupu, anaishi na maana aliyolipatia tukio hilo. Humo mna tiba inayolenga suluhisho, tiba ya masimulizi na ndugu zao wakubwa. Tumechagua saba.

Nasomea ushauri nasaha. Tumefundishwa kwamba katika tiba hizi "uhalisia hujengwa." Je, nimwambie mteja aliyefiwa kwamba maumivu yake ameyajenga mwenyewe? *– Mwanafunzi*

La. Ukimwambia hivyo utampoteza kabla hajakaa vizuri kitini. Kinachojengwa ni maana. Tukio liko palepale. Watu wawili wanaachishwa kazi siku moja. Mmoja anasema "nimetupwa," mwenzake anasema "nimepumua." Barua ya kuachishwa ni ileile na kodi ya nyumba wote wanadaiwa. Wanachotofautiana ni kile ambacho kila mmoja ataweza kukifanya kesho asubuhi, na hapo ndipo mshauri ana kazi.

Aliyeweka msingi ni George Kelly, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha nadharia yake mwaka 1955. Alimtazama kila mtu kama mwanasayansi: ana dhana zake, anabashiri kwa kuzitumia, na maisha yanamthibitishia au yanamkanusha. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Kelly aliigeuza: kama hujui mtu ana tatizo gani, muulize, huenda akakwambia.

Dhana za Kelly zina ncha mbili, na ncha ya pili ndiyo yenye siri. Mteja akisema "mimi ni mpole," usiandike "mpole" ukaendelea. Muulize: asiye mpole yukoje? Akijibu "mkatili," umeshajua kwa nini hawezi kukataa ombi la mtu yeyote: kwake yeye, kukataa ni ukatili. Ukimfundisha mbinu za kusema hapana bila kuigusa ncha hiyo, atazikubali ofisini na kuziacha mlangoni.

Njia ya kuzichimbua ni hii. Andika majina ya watu 8 hadi 10 muhimu kwake, kila jina kwenye kikaratasi chake, na lake mwenyewe limo. Toa vitatu kwa wakati mmoja, uulize: wawili gani wanafanana kwa jambo fulani linalowatenga na wa tatu? Andika ncha zote mbili kwa maneno yake. Baada ya mizunguko kadhaa utaona anarudia yaleyale. Hapo unaweza kusimama. Wanaoanza hukosea kwa kuyasahihisha maneno ya mteja yawe ya kitaalamu. Akisema "wenye roho ya karatasi," andika roho ya karatasi.

Kwa ajili ya mtihani: Kelly anaanzia ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Wapo wengine, kama mwanasaikolojia Kenneth Gergen, wanaosema maana huzaliwa kati ya watu, katika lugha na mahusiano. Tiba ya masimulizi imeegemea zaidi upande huo wa pili.

Nauliza swali la muujiza kama nilivyofundishwa, nami napata majibu matatu tu: "sijui," "ningeshinda bahati nasibu," na "mume wangu angebadilika." Nakosea wapi? *– Mshauri nasaha, mwaka wa pili kazini*

Mara nyingi swali hili huharibika kabla halijatamkwa, kwa sababu limeulizwa dakika ya tano. Mteja hajasikilizwa, halafu anaambiwa aote. Mpe kwanza dakika 15 hadi 20 aseme lililomleta.

Swali lenyewe lilikuzwa Milwaukee, Marekani, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1978 na Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, waasisi wa tiba inayolenga suluhisho. Lina sehemu tano, na kila sehemu ina kazi yake, kwa hiyo usilifupishe. Kwanza omba ruhusa: "Nina swali la ajabu kidogo, naweza kukuuliza?" Ngoja aitikie. Pili, mrudishe kwake: "Tukimaliza hapa utakwenda nyumbani, utafanya shughuli zako za jioni, kisha utalala." Tua. Tatu: "Usiku, nyumba nzima imetulia, muujiza unatokea: yale yaliyokuleta hapa leo yameondoka." Tua tena. Nne: "Lakini ulikuwa usingizini, hujui kama limetokea jambo." Tano: "Asubuhi ukiamka, ni kitu gani kidogo cha kwanza kitakachokuonyesha kwamba kuna kilichobadilika?"

Zile shughuli za jioni huufunga muujiza kwenye maisha yake halisi. Maneno "yaliyokuleta hapa leo" huuwekea mipaka. Ukiyaruka, ndipo unapopata bahati nasibu. Usingizi nao unamwondolea mzigo wa kueleza imewezekanaje.

Sasa majibu yako matatu. "Sijui" mara nyingi ni mlio wa mtu anayefikiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukidakia na "labda ungekuwa na furaha?" umeshajijibu mwenyewe, naye ataitikia kwa adabu. Kimya kikizidi, sema: "Ni swali gumu, kisia tu," au pitia kwa jicho la mwingine: "Mwanao angekuwa wa kwanza kuona nini?"

Kwenye bahati nasibu, cheka naye, usibishane. Kisha: "Fedha zikishakuwepo, ungefanya nini asubuhi hiyo ambacho siku hizi hukifanyi?" Karibu kila mara jibu linarudi kwenye jambo lisilohitaji mamilioni: angeamka bila kukunja uso, angempigia simu dada yake.

Kwenye "mume angebadilika," usimwambie kwamba hawezi kumbadilisha mtu, anajua. Muulize: "Akiwa amebadilika hivyo, yeye angeona tofauti gani kwako? Akiiona, angefanya nini? Nawe ukiona hivyo?" Mlolongo huo huonyesha mahali ambapo hatua ya kwanza inaweza kuwa yake. Lakini kama mume huyo anampiga, njia hii iache. Kumwuliza mtu anayepigwa angefanya nini tofauti ni kumkabidhi lawama isiyo yake. Hapo kazi ni usalama.

Kuna jibu la nne ambalo hukulitaja, nalo ndilo la kawaida kuliko yote: "Nisingekuwa na hofu." Hilo ni pengo, na pengo halina mazoezi. Uliza: "Badala yake kungekuwa na nini?" Kama kuna maneno mawili ya kubandika ukutani, ni hayo: badala yake.

Jibu la kwanza likipatikana usikimbie kwenda kupanga mikakati. Uliza "na nini kingine?" mara tano, mara sita, mpaka asubuhi ile iwe na watu, sauti na saa. Halafu lije swali ambalo wengi hulisahau: "Katika wiki mbili hizi, ni lini kipande kidogo cha siku hiyo kimekwisha kutokea, hata kwa dakika chache?" Hizo ndizo nyakati za nafuu. Ukimwacha mtu na ndoto nzuri bila kumwonyesha mahali ilipokwisha kuchungulia, umempa njia ndefu ya kurudi nyumbani. Sisi tukilazimishwa kuchagua kati ya swali la muujiza na swali la nyakati za nafuu, muujiza tungeuacha bila kusita.

Kabla ya kuagana pumzika dakika 5 hadi 10, hata ukitoka nje tu, upange utakachosema. Sifa utakazompa zitokane na aliyoyasema mwenyewe. Sifa za jumla ("wewe ni jasiri sana") husikika kama salamu za kadi. Kazi ya nyumbani kwa kikao cha kwanza inaweza kuwa nyepesi: aangalie, hadi mtakapoonana, mambo gani katika maisha yake angependa yaendelee kutokea.

Mshauri wangu huniuliza kila mara niko wapi kati ya 0 na 10. Nikisema 3, anafurahi. Naona kama ananidharau. *– Mteja*

Huenda amekimbilia furaha. Namba hii haikupimi kama kipimajoto. Ni kigingi cha kufungia mazungumzo, na 3 yako hailingani na 3 ya mtu mwingine yeyote. Ukisema 3 alitakiwa kuuliza kwanza: "Ni nini kinachoifanya iwe 3 na isiwe 1?" Baada ya hapo: "4 ingeonekanaje?" Akirukia 10, mazungumzo yanapaa hewani. Pia alitakiwa kukuuliza namba gani ingekutosha. Wengi hawataki 10, wanataka 7 na maisha yaendelee. Mwambie waziwazi: "Kabla hujaifurahia 3 yangu, niulize imetengenezwa na nini." Mshauri mzuri atakushukuru.

Wanaouliza maswali haya nao wajue: mteja akisema 0, au chini ya 0, msimvute juu. Swali linalofaa ni la kustahimili: "Kwa hali hiyo, umewezaje kuamka na kufika hapa?" Na kama katika sifuri hiyo mna mawazo ya kufa, kipimo wekeni kando. Ulizeni moja kwa moja kama anafikiria kujiua, kama ana mpango, kama njia anayo mkononi. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake, njia hiyo iondolewe, na apelekwe huduma ya dharura siku hiyohiyo.

Mwanangu wa miaka 7 anajichafua kwa choo kikubwa. Nimesikia kuna tiba ya kulipatia tatizo jina. Naifanyaje nyumbani? *– Mama mzazi*

Mama, daktari kwanza. Watoto wengi wenye shida hii wamefunga choo: choo kigumu kimeziba, kile chepesi kinapita pembeni na kuvuja bila mtoto kuhisi. Hapo zinahitajika dawa ya kulainisha, chakula na maji ya kutosha, na kukaa chooni baada ya kula, kila siku. Hadithi haizibui utumbo.

Kinachobaki baada ya hapo ni aibu, na hapo ndipo tiba ya masimulizi ina nguvu. Michael White, wa Adelaide nchini Australia, aliandika kuhusu tatizo hilihili mwaka 1984, na baadaye yeye na David Epston wa New Zealand wakaikuza njia hiyo ikawa tiba kamili. Wazo lao ni kwamba mtu siye tatizo. Tatizo ndilo tatizo, basi hutengwa naye.

Jina alitoe mtoto. Mwambie alichore tatizo hilo, aseme lina rangi gani, huja saa ngapi, linapenda kumvizia akiwa anafanya nini. Kisha fuateni nyayo zake: linaharibu nini shuleni, kwa marafiki, kati yake na wewe? Muulize yeye anaonaje hayo, anayapenda au hayapendi, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" usiiruke. Humo atasema anachokithamini, pengine kucheza bila kuchunguliwa. Halafu tafuteni siku ambayo tatizo hilo lilijaribu likashindwa, hata kidogo. Muulize alifanyaje, hatua kwa hatua. Kisha ulizia upande wa pili: hilo linaonyesha yeye ni mtoto wa namna gani? Bila swali hili unabaki na tukio la bahati. Ukiliuliza, tukio hilo linaanza kuwa habari yake. Habari hiyo iandikieni barua au cheti, na asomewe mtu anayempenda.

Yanayoharibu ni haya. Mzazi kuchagua jina kwa sababu la mtoto halimpendezi. Ndugu zake kuligeuza jina la kumtania mtoto mwenyewe, jambo ambalo ni baya kuliko kutofanya lolote, basi wakanye tangu siku ya kwanza. Na kuifanya kila hadithi kuwa vita: mtoto aliyetangazwa mshindi Jumatatu, akichafuka Jumatano ameshindwa. Maneno kama kulifuga, kulifunza adabu au kulipunguzia nafasi huacha mlango wazi kwa siku mbaya. Akisema "si mimi, ni lile," mkubalie, lakini nguo aziweke yeye kwenye ndoo, bila karipio.

Naongoza kikundi cha wanaume. Mmoja anampiga mkewe na husema "hasira ilinishika." Je, tuitenge hasira naye kama kwa watoto? *– Kiongozi wa kikundi*

Hapana. Hapo mtakuwa mmempa wakili. Mwulizeni kama hasira hiyo humshika pia mbele ya mkuu wake wa kazi. Kama haimshiki, basi inachagua, na anayechagua ni yeye. Kinachoweza kutengwa na kuchunguzwa ni mawazo yanayompa kibali: kwamba mke hajibu, kwamba heshima hudaiwa kwa mkono. Aliyafundishwa wapi, yamemgharimu nini, yamemgharimu nini mkewe na watoto? Sikilizeni vitenzi vyake. "Ilitokea" ibadilike iwe "nilimpiga." Na msiwaweke mume na mke katika kikao kimoja maadamu kipigo kinaendelea, atakachosema mke mbele yake anaweza kukilipia nyumbani.

Nimefiwa na mume miaka 2 sasa. Mshauri aliniuliza "ni wakati gani huna huzuni?" Nilitoka nikilia. Je, tiba hii hainifai? *– Mjane*

Pole sana, dada. Swali lilikuja mapema, na kwa namna lilivyoulizwa lilikutaka uombe radhi kwa kumlilia mumeo. Kosa hili lina jina miongoni mwa wataalamu wenyewe: kulazimisha suluhisho.

Ukoo huu wa tiba una njia laini zaidi kwa msiba. Mwanasaikolojia Robert Neimeyer ameieleza kazi ya kufiwa kuwa ni kujenga upya maana iliyovunjika. Habari zako ziko mbili: ya kifo chenyewe, na ya maisha mliyoishi pamoja. Ya kwanza inataka msikilizaji asiyekimbia. Ya pili inataka nafasi ya kuendelea. Michael White mwaka 1988 aliandika kuhusu waliokwama kwa sababu kila mtu aliwahimiza wamuage marehemu, naye akawasaidia kumsalimu tena. Aliuliza maswali ya namna hii, nawe unaweza kumwomba mshauri wako ayaulize: Ukijitazama kwa macho ya mumeo, unaona nini ambacho yeye alikiona? Ni nini ulichomfunza yeye? Nani mwingine asingeshangaa kusikia haya?

Hata hivyo miaka 2 ni muda wa kuangalia. Kama karibu kila siku shauku ya kumtaka arudi inakuzuia kufanya kazi, kula au kuwa na watu, mwombe daktari au mwanasaikolojia akupime. Kuna huzuni iliyorefuka ambayo inatambuliwa kama ugonjwa: mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili unahesabu kuanzia miezi 12 kwa mtu mzima, na ule wa Shirika la Afya Duniani kuanzia miezi 6. Ina tiba yake mahususi.

Vikao vingapi vinatosha, na kuna ushahidi? Na je, kuna zoezi naweza kulifanya peke yangu? *– Msomaji*

Tiba inayolenga suluhisho haipangi idadi. Kila kikao huisha kwa kuulizana kama kingine kinahitajika, na mara nyingi vichache hutosha. Vikao vitatu vikipita bila lolote kusogea, badilisheni kitu. Ushahidi upo: mapitio ya mwaka 2013 ya Gingerich na Peterson yalikusanya tafiti 43 zenye kundi la kulinganisha, na 32 kati yake zilionyesha manufaa ya kueleweka. Kwa tiba ya masimulizi tafiti za namna hiyo ni chache zaidi, kwa sehemu kwa sababu waasisi wake hawakuwa na hamu ya kuwapima watu kwa madodoso. Tunawaelewa, lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza. Na anayetumia dawa za akili asiziache kwa sababu mazungumzo yameanza kumfaa.

Zoezi: chukua moja la Kelly. Andika ukurasa mmoja kuhusu wewe kana kwamba umeandikwa na rafiki anayekujua kwa undani na kukuhurumia, kwa nafsi ya tatu: "Yeye ni mtu ambaye..." Usiandike orodha ya makosa. Siku ya pili, andika mhusika mwingine mwenye jina jipya, asiye kinyume chako. Hili ndilo wengi hukosea: mwenye haya humwandika msemaji mkuu, akashindwa kufikia jioni. Mhamishie kwenye mstari mwingine kabisa, kwa mfano mtu mdadisi, anayetaka kujua wenzake wanaonaje mambo. Mwenye haya anaweza kuuliza maswali bila kuacha haya. Mpe mshauri au rafiki asome, akwambie kama mhusika huyo anaaminika. Kisha muigize kwa wiki 2, kazini na nyumbani, bila kutangaza. Jioni andika mistari mitatu tu: alifanya nini, watu waliitikiaje, wewe ulishangazwa na nini. Wiki hizo zikiisha mhusika anaagwa, na hulazimiki kubaki na chochote chake. Kama kuna tabia yake moja inayogoma kuondoka, iache ibaki.